Namna ya kujua mtaa wenu unahitaji nini kweli, kabla hamjachangishana hata mia

Kwetu kuna kizimba cha taka kimejengwa kwa matofali mazuri kabisa, kimepigwa plasta na rangi, ukutani kuna maandishi ya waliokileta, na sijawahi kuona mtu anatupa taka mle. Kuku wanatagia humo. Watoto wanajificha humo wakicheza kombolela. Gari la taka haliwezi kufika pale maana njia ni nyembamba, na wenye mikokoteni hawawezi kupakia kwa sababu ukuta umeinuliwa juu mno, kwaiyo taka zinaenda kulekule zilikokuwa zinaenda zamani, bondeni.

Na hakuna aliyedanganya pale. Walikuja watu na shati za rangi moja, wakaitisha mkutano, wakauliza "wananchi mna shida gani", sisi tukasema taka, wakaandika taka, wakaleta kizimba. Tuliulizwa tukajibu, ndo shida ilipoanzia.

Mimi ni fundi friji, sio mtaalamu wa maendeleo, ila nimekuwa katibu wa kikundi cha watu tisa kwenye mtaa mmoja wa Temeke na nimeshaulizwa sana "nyie mlianzaje", sasa naandika hapa mara moja niwe natuma linki. Mengi tumejifunza kwa kukosea. Nitaelezea kwa mtaa wa Dar maana ndo naoujua, wa kijijini nitawagusa na wa Kenya pia kidogo.

Ofisini kwanza, hata kama mwenyekiti humpendi

Kabla hujagonga mlango wa mtu nenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti mmemchagua nyie, uchaguzi ulikuwa Novemba 2024, mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, na hao wawili sio kitu kimoja: barua inapita kwa mtendaji, watu wanakuja kwa sababu ya mwenyekiti. Mnawahitaji wote. Andikeni barua fupi, nusu ukurasa, kwamba mnataka kuzunguka mtaa na kuongea na watu ili baadae mlete mapendekezo kwenye mkutano mkuu wa mtaa, mgongewe muhuri, kopi mtembee nayo. Bila hiyo karatasi wiki ya pili mtaambiwa mnatafuta udiwani, na wiki ya tatu kuna mtu atawaitia polisi kwamba mnapiga picha nyumba za watu.

Mjumbe wa nyumba kumi nae msimruke, yeye anajua nani kahamia jana na nani anaumwa. Ila mjue kuna watu wakiona mjumbe ndo kaitisha wanahesabu ni mambo ya chama na hawatokei, kwaiyo tangazo lipite njia nyingi, msikitini baada ya Ijumaa, kanisani, kijiwe cha bodaboda, kwa mama wa vitumbua asubuhi. Kwa mama wa vitumbua linafika kuliko grupu la WhatsApp, nimehakikisha.

Timu yenu sasa. Sisi mwanzoni tulikuwa tisa, wanaume nane, na wote wenye nyumba, na tulijiona tumekamilika. Mwenye nyumba anawaza barabara kwa sababu barabara inapandisha bei ya kiwanja, mpangaji anawaza choo kimoja cha vyumba saba na maji yanayotoka usiku wa manane, na mitaa yetu hii wapangaji ndo wengi ila mkutanoni hawaji kwa sababu wanajiona wapita njia. Tulipunguza tukaongeza, sasa hivi tuna wapangaji watatu, wanawake wanne, bodaboda mmoja, na babu mmoja anayetembelea kiti mwendo ambae ametufundisha kuhusu vizingiti na mitaro kuliko mhandisi yeyote. Watu saba mpaka tisa wanatosha. Wakizidi hapo mnakuwa mnaahirisha vikao.

Tembeeni, na sio saa nne asubuhi peke yake

Hapa ndo kuna utamu wenyewe na hapa ndo watu wengi wanaparuka. Mtaa una sura tofauti kila saa. Mkitembea saa nne asubuhi mtaona barabara, mashimo, na wamama wanafua. Tembeeni angalau mara tatu: alfajiri, usiku baada ya saa mbili, na siku ya mvua, tena siku ya mvua ni wakati mvua inanyesha, sio kesho yake jua likiwaka.

Sisi alfajiri tulienda kuhesabu foleni ya maji. Saa kumi na nusu, giza, mimi na mwenzangu mmoja tumesimama karibu na kona inayoteremka kutoka barabara kubwa, tunaona wanawake wawili na mabeseni wamesimama tu. Hawaendi. Akaja wa tatu. Akaja wa nne, ana kitochi mdomoni kakiuma kwa meno maana mikono yote imeshika beseni. Ndo wakaanza kutembea, wote pamoja, haraka, hawaongei. Tukawauliza. Ni wauza samaki, wanawahi mnada wa Feri, na ile njia kutoka kwao mpaka kituoni ambayo mchana unaipita kwa dakika tano hawaipiti mtu peke yake tangu mmoja wao aporwe, anayechelewa kufika konani anapanda bodaboda kwa buku (elfu moja) kipande ambacho angekitembea. Buku kila akichelewa, kwa mtu ambae mtaji wake wote ni elfu thelathini.

Hiyo haikuwepo kwenye orodha yetu. Nimekaa mtaa ule miaka kumi na sita na sikuwahi kuijua, kwa sababu saa kumi na nusu mimi nimelala.

Mkitembea bebeni daftari na mhesabu vitu. Taa ngapi zinawaka, ndoo ngapi kwenye foleni na mtu wa mwisho kasubiri dakika ngapi, mtaro umeziba sehemu ngapi na umezibwa na nini, bomba linalovuja liko kwa nani. Siku ya mvua pigeni picha maji yalipofika, ila alama ya ukweli iko ukutani, ile mistari ya tope kwenye nyumba za bondeni, pimeni kwa futi mwandike. Namba ndogo kama hizo baadae zitawasaidia ofisini kuliko maneno "mafuriko ni changamoto kubwa".

Ramani nayo mnahitaji. Njia rahisi ni kuchora chini kwa kijiti na majivu, watu wakizunguka kila mmoja anarekebisha, "hapana kwa mama fulani ni huku", alafu mnapiga picha kwa juu mnanakili kwenye karatasi. Kwa Dar mna bahati, Tandale ilichorwa kwenye OpenStreetMap tangu 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulichora kata nyingi zinazokumbwa na mafuriko, kazi ikifanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakisaidiana na wakazi wenyewe. Ile ramani ni ya bure, ifungueni kwenye simu muone mtaa wenu una nini na unakosa nini. Wenye simu nzuri wanaweza kuweka KoboCollect, programu ya kujazia majibu ya maswali, ni bure, inafanya kazi bila bando mkiwa njiani na inatuma mkirudi penye mtandao. Ila daftari halizimi chaji, sisi tulitumia vyote viwili na daftari ndo lilibaki.

Swali baya na swali zuri

"Mna shida gani?" ni swali baya. Ukiuliza hivyo Mtanzania yeyote anakupa ileile orodha, maji barabara umeme zahanati ajira, kama anahojiwa na redio, na kila mtu anasema anachodhani wewe unaweza kumletea. Ukija na gari lenye nembo ya maji, shida itakuwa maji.

Ulizeni mambo yaliyotokea. Jana umenunua maji ndoo ngapi na shilingi ngapi? Mara ya mwisho mtoto kaharisha ilikuwa lini na mlimpeleka wapi, kwa usafiri gani? Masika ya mwaka huu ulilala wapi siku ile ya mvua kubwa? Kuna njia yoyote mtaani hupiti, na kwa nini? Mtu akikwambia jana yake, huhitaji kumuuliza anahitaji nini, unaiona mwenyewe. Bibi mmoja tulimuuliza kuhusu maji akasema hana shida ya maji kabisa, bomba lipo kwa jirani, tulipouliza jana kafanyaje ikaonekana anamlipa kijana kumletea madumu mawili kila siku kwa sababu hawezi kuyabeba kupanda kilima. Kwake hiyo sio "shida ya maji", ni maisha tu.

Alafu msiongee na watu wote mahali pamoja. Mkutano wa wote unakuwa wa wanaume watano wenye sauti. Kaeni na wanawake peke yao, na aongoze mwanamke, sio wewe umekaa pembeni na daftari unajifanya haupo. Vijana peke yao, wazee peke yao. Watoto waambieni wachore njia ya kwenda shule na waweke alama nyekundu pale wanapoogopa, mtashangaa, kwetu watatu kati ya wanne walichora mbwa wa nyumba moja na hilo lilimalizwa kwa mazungumzo ya dakika kumi na mwenye mbwa. Wafanyakazi wa ndani na wenye baa pia wanaishi pale, msijifanye hamuwaoni.

Na kingine, ahadi. Mtu atakuuliza "sasa mtatuletea lini?" Jibu ni "hatuleti kitu, tunapanga pamoja, tarehe fulani tunarudisha majibu mkutanoni". Semeni hivyo hata kama inauma. Ukiahidi taa saa ile ya maongezi umeshakuwa mwanasiasa.

Tengenezeni pia kalenda ya mwaka kwenye karatasi kubwa, miezi kumi na mbili, na watu waseme kila mwezi una nini. Januari ada na sare, masika Machi mpaka Mei bondeni hapapitiki, vuli Oktoba mpaka Desemba tena, mfungo kila mtu yuko bize jioni, kuna miezi kodi ya miezi sita inadaiwa. Mkishaiona mnajua mwezi wa kuchangisha ni upi na wa kuchimba ni upi. Kuna wenzetu kata ya jirani walipanga kuchimba mtaro Aprili. Aprili jamani.

Andikeni mlivyonavyo

Mfumo wa serikali wenyewe wa kupanga kutoka chini unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, upo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ukiangalia jina limeanza na fursa. Watu wanaruka fursa wanakimbilia vikwazo. Sisi tulipoorodhesha tulikuta kwenye mtaa mmoja tuna mafundi umeme wanne, mafundi ujenzi sijui wangapi, nesi mstaafu, msikiti wenye kisima, vikoba vitatu vinavyokutana kila wiki bila kukosa, mzee mwenye kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) anayekaa nayo bila kazi siku za Jumapili, na ukumbi wa kanisa unaokaa tupu siku tano. Hiyo ni bajeti, sema haijaandikwa kwa shilingi. Na ukimwambia mtu "tunaomba ujuzi wako Jumamosi mbili" anajisikia tofauti na ukimwambia "tunaomba elfu kumi".

Kuchagua: leteni visoda

Sasa mna orodha ndefu. Kwetu ilikuwa na vitu ishirini na tatu. Msipige kura ya mikono, watu wanaangalia mwenyekiti kanyoosha wapi. Tulifanya hivi: mabeseni sita chini, kila moja na picha iliyochorwa ya jambo moja (tulishapunguza kwenye vikundi mpaka sita), kila mtu anapewa visoda vitatu anavitumbukiza anavyotaka, vyote beseni moja au kugawa. Wanaume tuliwapa vya rangi moja na wanawake vya rangi nyingine. Mabeseni yakae nyuma ya kanga mtu asionekane.

Tulipomwaga na kuhesabu, beseni la mtaro lilijaa visoda vya wanaume, beseni la taa za njiani lilijaa vya wanawake, na mtaro ukawa wa pili kwao. Tungehesabu jumla tu bila rangi mtaro ungeshinda na tungeenda nyumbani tumeridhika. Pale palikuwa na ukimya kidogo, alafu mzee mmoja akauliza "taa za nini?" na wale wauza samaki wakasimama wakaelezea ile kona mbele ya waume zao. Kura yenyewe haikuamua, yale maongezi baada ya kura ndo yaliamua.

Kabla ya kukubali jambo lolote lichimbeni kwa "kwa nini" mpaka mchoke. Mtaro unafurika, kwa nini? Umeziba. Kwa nini? Taka. Kwa nini watu wanatupa mtaroni? Mkokoteni hauji upande ule. Kwa nini? Njia imebanwa na vibaraza viwili. Kumbe kuchimba mtaro upya kungekuwa kazi ya bure, ungeziba tena ndani ya miezi mitatu, cha kwanza ni vibaraza na mkokoteni. Hapo mnaona kizimba changu cha kuku kilikosewa wapi.

Alafu gawanyeni mafungu matatu. Tunayoweza wenyewe bila kumuomba mtu. Tunayoweza tukisaidiwa kidogo. Yale ya serikali. La tatu msilitupe, ila mjue mlango wake: barabara za mitaa ni TARURA, maji kwa Dar ni DAWASA na vijijini ni RUWASA, nguzo na nyaya ni TANESCO, shule ya msingi na zahanati ni halmashauri. Watu wanazungushwa mwaka mzima kwa sababu tu wamepeleka barua ya barabara kwa mtu wa maji. Anzeni na moja kutoka fungu la kwanza, dogo, linaloisha ndani ya miezi miwili na kuonekana kwa macho. Mkimaliza hilo watu watawaamini kwa la pili. Mkianza na zahanati mtakuwa na boma lisilo na paa kwa miaka sita, yapo mengi nchi hii.

Karatasi moja

Mpango wetu ulikuwa karatasi moja ya A4: kazi gani, nani (jina la mtu, sio "kamati"), mwisho lini, shilingi ngapi, tutajuaje imefanikiwa. Kwa mfano wa taa. Tulianza kuwaza nguzo za sola, bei zikatutisha. Fundi umeme mmoja akasema nyumba kumi na moja zinapakana na ile njia na zote zina umeme, kwa nini kila nyumba isitoe taa moja ukutani nje. Wenye nyumba wakaja juu, LUKU (umeme wa kulipia kabla) nani atalipa? Akapiga hesabu palepale kwenye mchanga: balbu ya wati 9, iwake masaa kumi na moja kila usiku, kwa mwezi haifiki hata uniti 3, yaani elfu moja na ushee kwa nyumba kwa ile bei ya kawaida ya uniti. Watu wakacheka. Kumbe walikuwa wanagombania elfu moja. Kikundi kikanunua balbu, holda na waya, mafundi wakajitolea Jumapili mbili, na wale wauza samaki wakasema wao watachangia LUKU za nyumba tatu za wazee, maana buku la bodaboda la siku moja linakaribia kumaliza mwezi wa nyumba moja.

"Tutajuaje" yetu ilikuwa rahisi pia: twende konani saa kumi na nusu tuone kama bado wanasubiriana. Wiki ya tatu tulienda, walikuwa wanapita mmoja mmoja.

Kama kazi yenu inagusa ardhi, kisima, choo, kituo cha watoto, basi hata msinunue tofali kabla ya kuandikishana. "Mzee katoa eneo" kwa mdomo ni hatari, mzee akifariki wanakuja watoto wake kutoka mikoani na wanasheria. Maandishi, mashahidi wa familia yake, ofisi ya mtaa, na kama ni kitu kikubwa mwanasheria wa halmashauri aangalie.

Pesa

Hapa niwe mkweli, pesa ndo huvunja vikundi na mara nyingi sio wizi, ni kutokuandika. Mtunza pesa mmoja, mwandishi wa pesa mwingine, na watoa saini watatu tofauti. Risiti inapigwa picha siku hiyohiyo inatupwa grupuni. Kila Jumapili karatasi ya mapato na matumizi inabandikwa ukuta wa ofisi ya mtaa na dukani, kwa maandishi makubwa, hata kama wiki hiyo imeingia elfu nne. Kuna wakati walitusema tumekula hela ya waya, aliyesema alipelekwa dukani akaoneshwa ukuta na yakaisha hapo.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile ya 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024, ni mikopo ya vikundi vya biashara, inarudishwa. Sio ya kuchimba mtaro. Nasema kwa sababu kila mkutano kuna mtu anaitaja. Mnaweza kuitumia kwa kikundi cha vijana wanaozoa taka kama wana wateja wanaolipa, hiyo inaeleweka. Mfuko wa jimbo upo kisheria tangu 2009, kamati yake inaongozwa na mbunge, na unasaidia kumalizia kazi ambayo wananchi wameshaianza, kwaiyo nendeni na picha ya msingi uliopanda, sio na ndoto. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndo mtu wa kumzoea, fomu zote anazijua, na kusajili kikundi kunapita kwake.

Na mjue kalenda yao. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mapendekezo ya mtaa yanapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, yanaenda halmashauri, na madiwani wanapitisha bajeti mapema mwanzoni mwa mwaka. Ukipeleka ombi lako Mei wewe umekuja harusini vyombo vinaoshwa. Pelekeni Oktoba au Novemba, likiwa limepita mkutano mkuu na muhtasari una saini, mkihesabu na mchango wenu tayari ndani, nguvukazi, mchanga, eneo.

Wa kijijini, nyie mna silaha nzuri kuliko sisi: mkutano mkuu wa kijiji, kila mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Usipoitishwa dai, kwa maandishi. Wa Kenya, kwenu ushirikishwaji wa umma uko kwenye Katiba ya 2010, kaunti inatakiwa kupeleka mpango wa mwaka bungeni mwake kufikia Septemba 1, kwaiyo kazi yote ya kutembea na kuhesabu ifanyike kabla ya Agosti, mkienda ukumbini siku ya kutoa maoni na karatasi yenye namba mnasikilizwa tofauti na anayeinuka kulalamika.

Siku ya kazi na baada yake

Siku ya kazi tumieni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi, watu tayari wameshazoea. Anzeni saa moja, malizeni saa nne jua halijawa kali, na uji uwepo. Nasema uji uwepo. Kazi igawanywe tangu jana yake, huyu na watu watano kuanzia kwa fulani mpaka kwenye mwembe, la sivyo watu arobaini wanasimama kuangalia watu sita wanachimba. Wasiokuja msiwasome majina kwenye spika, wengine wako zamu, wengine wanauguza.

Vibaraza vile viwili, kama mnataka kujua, kimoja kilivunjwa na mwenyewe baada ya vikao vitatu na mwenyekiti, cha pili mpaka leo kipo na mkokoteni unakwaruza ukuta wake kila Jumanne. Tumeshakubaliana kumsubiri mpaka kodi ya wapangaji wake iishe, maana wanatumia kile kibaraza kama jiko. Mtaro utachimbwa Agosti.

Kila kitu mnachojenga kiwe na mtu mwenye funguo na namba yake ya simu ibandikwe hapohapo, na wekeni pembeni pesa ya kutengeneza tangu siku ya kwanza, sisi tunatoa mia tano kila nyumba kwa mwezi na inatosha balbu. Miezi sita ikipita chukueni ileile karatasi ya A4 mtembee tena saa zilezile. Wiki iliyopita tumetembea, taa nane zinawaka kati ya kumi na moja, moja balbu imeungua, moja mpangaji mpya hakujua swichi ni ya nini akaizima, na ya tatu mwenye nyumba ameihamishia uani kwake kuwashia banda la kuku. Ya kuungua nimeshanunua, ya mpangaji imeshawashwa, ya kuku naenda leo jioni na mwenyekiti.